Namba ya Kitabuni na Namba ya Pampuni

Mwenye Porsche 911 ya zamani, ile ambayo injini yake hupozwa kwa hewa na haina rejeta, asikimbilie petroli yenye okteni kubwa kuliko zote kwa kudhani kuwa ndiyo yenye nguvu. Okteni si nguvu. Ni kipimo cha ustahimilivu wa petroli inapogandamizwa ndani ya silinda, isije ikalipuka ovyo na kuidhuru pistoni.

Basi tuitazame injini kwanza. Ya 911T ya lita 2.4, ya miaka ya 1972 na 1973, ina mgandamizo mdogo wa 7.5 kwa 1, na kiwanda kiliiandalia petroli ya kawaida, okteni 91. Carrera ya lita 3.2 iliyouzwa Ulaya hufika 10.3 kwa 1. Hiyo ikinyimwa petroli bora, hutoa mlio wa kokoto ndani ya kopo wakati wa kupanda mlima, na hapo uharibifu umekwisha kuanza.

Linalowatatiza wengi, na kusema kweli ni haki yao kutatizika, ni kwamba namba hizo ni za kipimo cha Ulaya, RON. Pampu za Marekani huandikwa wastani wa RON na kipimo kingine kikali zaidi, MON. Kwa hiyo petroli ya 98 Ulaya husomeka takriban 93 huko. Aliyeko Marekani na kitabu cha Kijerumani mkononi asiitafute 98 pampuni. Ile 91 ya kitabuni nayo ni kama 87 tu.