Damu, Mgeni na Lugha ya Mgonjwa

Wahenga walinena kwamba damu ni nzito kuliko maji. Walikuwa wakizungumzia udugu, lakini usemi huo unasadifu pia katika tiba, kwani damu hujua sana kumbagua mgeni. Ikiwa ndani ya mishipa yake hutiririka bila kuganda, kwa kuwa utando laini unaoizunguka hutoa kemikali za kuituliza. Ikigusana na kitu kisicho cha mwili, kiwe chuma, plastiki au kaboni, mambo hubadilika.

Mfano bayana ni vali bandia ya moyo. Tangu Albert Starr na Lowell Edwards walipofanikisha vali ya aina hiyo nchini Marekani mnamo 1960, wagonjwa wengi wameokolewa, wakiwemo Wakenya ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, maradhi yanayotokana na maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni. Vali nyingi bandia za leo zina vipande vya kaboni. Damu inapoigusa kaboni hiyo, protini hujibandika juu yake kwa sekunde chache tu. Chembe sahani, ambazo kazi yake ni kuziba majeraha, hulichukulia tabaka hilo la protini kuwa kidonda. Hunata hapo, hubadilika umbo na kuitana. Hatimaye nyuzinyuzi za fibrini hufuma wavu unaonasa chembe nyekundu, na donge hutokea. Donge hilo laweza kuikwamisha vali, au likang'oka, likafika ubongoni na kusababisha kiharusi. Ndiyo sababu mwenye vali hiyo hutumia warfarini maisha yake yote. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni huyu hapewi jembe kamwe.

Hapo ndipo suala la lugha linapochipuka. Ni kawaida mgonjwa kuambiwa kwamba dawa hiyo ni ya kuifanya damu iwe nyepesi. Maelezo hayo ni mafupi, ila yanapotosha. Warfarini haipunguzi uzito wa damu. Hulizuia ini kuitumia vitamini K kuunda protini za kugandisha. Aliyeelezwa habari za wepesi aweza kuhofia kuwa damu yake inageuzwa maji, akaiacha dawa siku anapojihisi mzima. Aidha, akikatazwa tu sukuma wiki, hataelewa kwamba mboga hiyo ina vitamini K kwa wingi, na kwamba la muhimu ni kula kiasi kisichobadilikabadilika na kupimwa damu mara kwa mara. Mwanamke wa umri wa kuzaa ana haja kubwa zaidi ya maelezo kamili, maana dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kueleza mambo haya. Dai hilo halina mashiko. Kuganda, kunata, kunasa, donge, wavu na utando ni maneno ya jikoni na ya wavuvi, yaliyokuwepo kabla ya kamati yoyote ya istilahi. Kinachokosekana ni nia ya kuyatumia. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu ampe mgonjwa maelezo, kila inapowezekana, kwa lugha anayoielewa.

Yafaa, basi, wanafunzi wa Kiswahili waketi na wenzao wa tiba na uuguzi, waandike karatasi ya ukurasa mmoja kuhusu kila dawa ya aina hii, kisha waisome mbele ya wagonjwa na kuirekebisha hadi ieleweke. Wahadhiri nao waikubali kazi hiyo kuwa utafiti halali wa tafsiri na isimujamii. Kosa la insha husahihishwa kwa wino mwekundu. Kosa la kumweleza mgonjwa dawa hii huenda lisipate wa kulisahihisha.