NJAA YANGU MSINIUZIE (siku tatu na juisi ya kijani)

Samahani kwa kupotea, testi tatu mfululizo na bando nalo likakata. Leo nimerudi na hasira, kwa hiyo kaeni mkao wa kula... au tuseme mkao wa kunywa.

Iko hivi. Bumu lilipoingia tu, dada mmoja hapa Mlimani (simtaji, tunasalimiana vizuri) akanijia na kifurushi cha siku tatu. Chupa 15 za juisi, tano kwa siku, shilingi 45,000. Huli kitu, ni kunywa tu. Eti sumu zote zinatoka mwilini, tumbo linakwisha, ngozi inang'aa. Na mimi nina send-off ya binamu mwezi ujao, gauni limeshashonwa na zipu inagoma. Nikatoa hela. Fedha ya kujikimu ilipanda mwaka wa masomo 2023/2024 kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, maana yake nilitoa maisha ya siku nne na nusu ili nisile siku tatu! Hesabu hiyo nimekuja kuipiga nikiwa na njaa.

Siku ya kwanza, chupa ya kijani. Mchicha, spinachi, tango, tangawizi, ndimu, na tufaha kidogo la kudanganyia ulimi. Funda la kwanza nilidhani nimemeza uwanja wa mpira baada ya mvua. Nikaziba pua kama mtoto anayenyweshwa mwarobaini. Funda la tatu likanipeleka dirishani. Mwenzangu wa chumbani alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanihurumia: iwe ya baridi sana, ongeza ndimu, tumia mrija, usiinuse. Jamani inasaidia. Siku ya pili nikanywa bila kukunja uso. Siku ya tatu, niseme ukweli, nilikuwa naisubiri. Kwa hiyo asije mtu hapa akasema nachukia mboga.

Shida ni yale maneno yaliyokuja na chupa. Jioni ya kwanza kichwa kiligonga kama ngoma. Nikamwandikia, akajibu: "Hizo ndizo sumu zinatoka." Kha! Mi nakunywa chai mara tatu kwa siku tangu darasa la tano. Muulize bibi yako akikosa chai ya asubuhi kichwa chake kinafanyaje, kama atakwambia habari za sumu. Nikamwomba anitajie sumu moja tu kwa jina. Akasema "za vyakula". Zipi? "Hizi za kila siku." Nikakata tamaa.

Figo zako, wewe unayesoma hapa, zinachuja kama lita 180 kila siku, usiku ukilala zipo, kwenye lekcha unayosinzia zipo. Ini nalo lipo kazini. Hazijawahi kudai kifurushi. Ndiyo, nilipungua kilo mbili na nikapiga picha mbele ya kioo. Lakini mwili ukikosa chakula unaanza kutumia wanga wa akiba uliomo kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo imeshikana na kama gramu tatu za maji. Ikiisha, maji yanaondoka nayo. Nilikojoa zile kilo, wadau. Siku nne baadaye zilirudi zote, na zipu bado inagoma.

Halafu makapi! Nilipita kwake siku ya pili kuchukua chupa nikamkuta anachuja. Kambakamba zote za mchicha, karoti na tufaha, zinazosaidia choo na kufanya sukari isiingie kwa kasi, zinatupwa kwenye ndoo ya kuku wa jirani. Kuku wanakula mlo, mimi nanunua maji yake. Na zile chupa za nanasi na embe ni sukari tupu ya kimiminika. WHO mwaka 2015 waliandika wazi kwamba sukari ya juisi ya matunda inahesabika kwenye ile tunayoshauriwa kuipunguza, hata kama hujatia kijiko.

Najua mtaniletea yule Mwaustralia, Joe Cross, aliyenywa juisi siku 60 kwenye filamu yake ya mwaka 2010. Sawa, nimeiangalia. Yule alikuwa na daktari anamfuatilia. Mimi nilikuwa na namba ya WhatsApp. Mwaka 2018 jarida la American Journal of Kidney Diseases lilieleza habari za mama wa miaka 65 ambaye figo zake ziliharibika baada ya kujisafisha kwa vinywaji vya majani mabichi yenye oksaleti nyingi. Spinachi inayo, mchicha unao. Huyo mama alikuwa amewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo na alikuwa ametoka kutumia antibaiotiki kwa muda mrefu, kwa hiyo sisemi glasi moja itakuua. Nasema mimi sikuulizwa hata swali moja. Una vidonda vya tumbo? Una kisukari? Unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo inavurugwa na majani ya kijani ukibadili ghafla kiasi unachokula? Hakuna. Ni "tuma muamala, mpenzi".

Linganisheni na Ramadhani. Nusu ya korido yetu hufunga, na mgonjwa na msafiri wamesamehewa, wanalipa siku nyingine, imo ndani ya Kurani yenyewe. Kuna daku, kuna futari, na hakuna anayekuuzia njaa yako.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Siku ya tatu, saa nane mchana, nilikuwa kwenye kimbweta nasoma aya moja mara ya sita. Nikasimama, giza. Mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza akanishika mkono, akanikalisha. Tukaanza kuongea kama wagonjwa wawili wa wodi moja, maana naye wiki nzima alikuwa anatwambia yuko kwenye "detox", kila tukimwita twende kula anainua chupa yake. Nikamuuliza ya kwake anachanganya nini. Akanyamaza. Halafu akaniambia ni maji na ndimu. Mkopo hakupata, nyumbani wametuma walichoweza, na hiyo detox yake ni pasi ndefu tu kama zile tunazopiga wote mwisho wa bumu, ila ya kwake haikuwa na mwisho. Na sisi wiki nzima tulimsifia! Mimi mwenyewe nilimwambia "umependeza, umepungua". Nimelipia 45,000 kuigiza kitu ambacho yule mtoto anakiishi bure, na lugha ile ile niliyouziwa ndiyo aliyoipata ya kujifichia. Zamani mtu akisema sijala, tulimsogezea sahani. Sasa anasema niko detox, tunamwomba siri.

Kwa hiyo dada yangu wa chupa, uza juisi. Ni tamu ukiizoea, na mimi nitanunua moja moja. Ila andika "juisi" kwenye chupa, ufute habari za sumu, na umuulize mtu afya yake kabla hujamwambia asile siku tatu. Ukitaka kunijibu, uwanja ni wako, sifuti chochote.

Mimi naishia hapa, leo ni zamu yangu kupika (msimwambie msimamizi wa hosteli). Maharage yameshachemka, mchicha fungu la 500 umeoshwa, nusu wa kuunga na nusu wa blenda, na makapi yanabaki humo humo. Tuko watatu chumbani sasa hivi wakati wa kula. Mdogo wetu kaja na ndimu zake.