Mkono Mtupu Haulambwi

Liko neno moja ambalo watu hulisema kwa wepesi, nasi tumelisikia hata tumechoka nalo. Wasema ati kukaa na watoto baada ya shule si kazi. Ni mchezo tu, mtu ye yote aweza kuifanya, na yule aifanyaye haimpasi kuuliza ujira, maana aifanya kwa mapenzi. Sisi waalimu twalikataa neno hili. Twalikataa kwa sababu si kweli, tena kwa sababu serikali ikiliamini huivunja kazi njema kwa mkono ule ule ulioijenga.

Wasomaji wasidhani kwamba twashindana na upepo. Twataka kuwaonyesha mfano wa mahali palipotolewa fedha nyingi za umma kwa kazi hii, nao ni jimbo la California katika Marekani. Mahali pasipo na kitu hakuna la kujifunza ila umaskini. Lakini palipo na mali, na kazi ikachechemea, hapo ndipo kosa huonekana wazi.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Katika nchi ile shule nyingi hufunga kati ya saa nane na saa tisa alasiri, bali wazazi wengi hawatoki kazini kabla ya saa kumi na moja au saa kumi na mbili. Muda ule mtoto yu wapi? Mjini mara nyingi hakuna nyanya kibarazani, wala shangazi nyumba ya pili, wala shamba ambalo mtoto aweza kumfuata mama yake. Wako na wageni wengi waliohamia Marekani, na miongoni mwao wasemao Kiswahili waliotoka Kongo kwa ajili ya vita, ambao wameacha nyuma jamaa wote waliokuwa wakiwasaidia kulea. Basi watu walifikiri hivi: jumba la shule lipo, viti vipo, uwanja upo, kwa nini mlango ufungwe? Mtoto na abaki pale, apewe chakula kidogo, asaidiwe masomo yake, acheze, aimbe, achore, hata mzazi aje kumchukua.

Serikali kuu ya Marekani ilitunga sheria ya kusaidia vituo vya namna hii mwaka 1994. Mwaka 1998 fedha zake zilikuwa dola milioni 40. Kufika mwaka 2002 zilikuwa dola bilioni 1. California nayo ilianza mpango wake mwaka 1998. Kisha Novemba 2002 watu wa jimbo walipiga kura wenyewe, wakalikubali Pendekezo la 49, lililoongozwa na Arnold Schwarzenegger, mcheza sinema aliyechaguliwa kuwa gavana mwaka uliofuata. Kwa kura ile, tangu mwaka wa shule wa 2006 hadi 2007, jimbo lilipaswa kutenga dola milioni 550 kila mwaka. Jambo hili twalisifu. Watu waliokubali kutoa mali ya wote kwa ajili ya watoto wa wote hatuna neno baya juu yao.

Lakini tazameni jinsi fedha zile zilivyopimwa. Kwa kila mtoto aliyehudhuria, kituo kilipewa dola 7.50 kwa siku. Sheria ikadai mambo mengi, tena mazuri: kituo kiwe wazi kila siku ya shule hata saa kumi na mbili jioni, kisipungue muda wa saa 15 kwa juma, mtu mzima mmoja asiwe na watoto zaidi ya 20, na mtu huyo awe na sifa zile zile anazotakiwa msaidizi wa mwalimu darasani. Hayo yote yaliandikwa. Jambo moja halikuandikwa, yaani kwamba kima kile kitapanda gharama zikipanda.

Haya, na tufanye hesabu pamoja. Mwaka 2007 kima cha chini cha mshahara katika California kilikuwa dola 7.50 kwa saa moja. Kwa hiyo fedha ya mtoto mmoja kwa siku ilitosha kununua saa moja ya kazi, sawasawa. Kufika mwaka 2016 mshahara ule wa chini ulikuwa dola 10, umeongezeka kwa theluthi moja. Bali fedha ya mtoto ilikuwa bado dola 7.50. Miaka ikapita, bei zikapanda, na kile kima kimesimama kama kigingi. Serikali iliyowaamuru waajiri wote kuongeza mishahara, nayo ilifanya haki, ilisahau kwamba kazi hii ni yake yenyewe. Mwaka 2017 kima kilipandishwa kuwa dola 8.19, mwaka 2019 kikawa dola 8.88, na mwaka 2021 kikawa dola 10.18. Lakini mwaka 2022 waajiri wenye watu zaidi ya 25 walipaswa kulipa dola 15 kwa saa. Mshahara umekuwa mara mbili; fedha ya kuulipa imeongezeka kwa theluthi moja na kidogo tu. Ikiwa mtu hakupunguza fedha kwa kalamu, bali aliziacha zipungue zenyewe kwa kupita miaka, je, hakuzipunguza?

Labda msomaji mwenye akili ya hesabu atatupinga. Atasema, watoto 20 kwa dola 7.50 ni dola 150 kwa siku. Mlezi akifanya kazi muda wa saa nne kwa dola 10, hupata 40. Nyingine 110 zimekwenda wapi? Swali hili ni halali. Zimekwenda kwa msimamizi wa kituo, kwa vitabu na mipira na karatasi, kwa kodi na bima ambazo mwajiri hulipa juu ya mshahara, kwa mafunzo, kwa mtu wa akiba mlezi anapougua. Wala msishuku kwamba wakubwa wamezila, maana sheria yaagiza kwamba sehemu 85 katika kila mia zitumike kwa kuwahudumia watoto wenyewe. Tena watoto wakipungua sana fedha nazo hupunguzwa, ilhali mlezi hawezi kukatwa nusu. Ni kweli kwamba wenyeji hutakiwa kuongeza theluthi ya ile fedha, kwa taslimu au kwa vitu na huduma. Lakini meza na jengo havilipi mshahara wa mtu.

Na mlezi mwenyewe ni nani? Mara nyingi ni kijana asomaye chuo, au mama aliyewahi kusaidia darasani, au mtu aliyekulia mtaa ule ule. Kazi yake ni muda wa saa tatu au nne kwa siku, labda 15 au 20 kwa juma. Sheria ya bima ya afya ya Marekani ya mwaka 2010 humhesabu mtu kuwa wa kazi kamili akifikia saa 30 kwa juma. Kwa hiyo mlezi wa jioni yu nje ya mlango, na mwajiri hashurutishwi kumkatia bima. Muda wa kutayarisha somo mara nyingi haumo katika saa za kulipwa. Basi hutafuta kazi ya pili asubuhi. Na siku apatapo kazi ya mchana kutwa, huondoka, hata ikiwa ni katikati ya mwaka. Hatumlaumu. Kodi ya nyumba hailipwi kwa mapenzi.

Ila twamfikiria mtoto. Yule mwenye haya, aliyekaa miezi miwili bila kusema, sasa ameanza kumwambia mlezi wake kwamba hawezi kusoma. Na mara mlezi hayupo. Aja mwingine, ambaye hajui majina, hakufundishwa, hakupewa siku hata moja ya kutazama. Afanye nini? Atawaketisha watoto, atawaambia wanyamaze. Na hapo wale wasemao kwamba kazi hii ni kulinda tu watakuwa wamesema kweli. Lakini ni wao walioifanya iwe hivyo.

Adui za kazi hii ni wa namna mbili. Wa kwanza ni wale wasemao kwamba haifai kitu. Mwaka 2003 taarifa ya kwanza ya uchunguzi mkubwa wa vituo vya serikali kuu ilionyesha kwamba watoto hawakuendelea sana katika masomo. Mara serikali ya Rais Bush ikataka kuzipunguza fedha kutoka dola bilioni 1 hata milioni 600, na Baraza la Kutunga Sheria likakataa. Mwaka 2017 serikali ya Rais Trump ilitaka kuzifuta kabisa, ikisema haina ushahidi kwamba zaleta faida. Baraza likakataa tena. Julai 2025 fedha hizo, zaidi ya dola bilioni 1, zilizuiliwa majuma kadha, hata watu wa vyama vyote viwili wakalalamika, ndipo zikaachiliwa. Fikirini msimamizi wa kituo wakati ule, hajui kama Septemba atakuwa na ujira wa kumwahidi mtu.

Twawajibu hivi: mmeuliza nusu ya swali. Mwaka 2010 wataalamu Durlak, Weissberg na Pachan walitoa kazi yao waliyokusanya na kulinganisha uchunguzi mwingi juu ya vituo hivi. Waliona kwamba vile vituo ambamo watoto hufundishwa hatua kwa hatua, hutenda kwa mikono yao wenyewe, huwa na wakati uliowekwa, na mlezi ajua wazi anafundisha nini, watoto wake huendelea katika tabia na hata katika masomo. Vile visivyo na mambo hayo havikuleta faida ya kuonekana. Basi, ni nani awezaye kufundisha hatua kwa hatua? Ni mtu aliyekuwapo jana, na mwezi uliopita, aliyepata muda wa kufikiri atakalolifanya kesho. Uchunguzi huo hauihukumu kazi; waihukumu kazi ifanywayo ovyo. Shamba lisilopaliliwa likikosa mavuno, mwenye akili hasemi kwamba mahindi hayafai.

Adui wa pili wajiita rafiki. Hawa husimama mbele ya watu na kuhesabu: vituo vingapi, watoto wangapi. Wakiulizwa habari za walezi, husema kwa sauti tamu juu ya moyo wa kujitolea. Twawaogopa hawa kuliko wale wa kwanza, maana mpingaji aonekana, bali msifu-mnyonge hujificha nyuma ya sifa. Kama moyo watosha, mbona wao wenyewe hupokea mshahara?

Mwaka 2021 California ilianzisha mpango mwingine ulio mkubwa zaidi, ili shule pamoja na muda wa baada yake ifike saa 9 kwa siku, na siku 30 ziongezwe nje ya mwaka wa shule. Na katika mwaka wa 2022 hadi 2023 zilitengwa dola bilioni 4. Ni neema kubwa. Lakini wakati huo huo wasimamizi wengi walilia kwamba hawapati watu wa kuajiri. Ajabu gani? Mvua ya ghafula juu ya udongo uliokauka miaka kumi haizami, hupita juu. Madawati hununuliwa kwa siku moja. Mlezi mzuri hakui kwa siku moja.

Kwa hiyo twasema mambo manne, wala hatuyasemi kama ombi. La kwanza, kima cha fedha ya mtoto na kifungwe kwa sheria pamoja na kima cha mshahara, kimoja kikipanda na cha pili kipande mwaka ule ule. La pili, saa za kazi na ziunganishwe: yule asaidiaye darasani asubuhi na awe ndiye akaaye na watoto alasiri, apate kazi kamili na bima yake. La tatu, saa ya kutayarisha na siku ya kufundishwa zilipwe, kwa kuwa ni kazi. La nne, pawe na ngazi ya kupanda. Tangu mwaka 2016 California husaidia watumishi wa shule wasio waalimu wapate kusomea ualimu, nalo ni jambo jema. Lakini walezi wengi huajiriwa na vyama vya nje, si na shule yenyewe, na ngazi ile haiwafikii. Na isogezwe kwao, maana hapo ndipo waalimu wa kesho wamekaa.

Nanyi wasomaji, po pote mlipo, ikitokea siku baraza lenu lasimama na kusema, tutafungua mlango wa shule jioni kwa ajili ya watoto, shangilieni. Lakini kabla ya kupiga makofi ya pili, ulizeni maneno matatu: Ni nani atakayekaa nao? Atalipwa nini? Na mwaka wa kumi atalipwa nini? Wakijibu mawili ya kwanza wakanyamaza katika la tatu, jueni kwamba jengo limesimama bila msingi. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi. Ni haya kubwa kwa nchi tajiri kuunyosha mkono wa namna hiyo kwa mtu ambaye imemkabidhi watoto wake.