Likizo Yetu na Ugonjwa wa Moyo

Sisi wa Kidato cha Nne tumalizapo mtihani wa Novemba, wale watakaochaguliwa hukaa nyumbani hata Julai kungojea Kidato cha Tano. Wengine hulima, wengine hukaa dukani kwa mjomba, na wengine hawafanyi neno ila kulala. Kwa maoni yangu, yafaa baadhi yetu wapokelewe katika maabara za vyuo vikuu, wasaidie kazi ya kutafuta chanjo ya ugonjwa unaowapata wadogo zetu.

Ugonjwa huo huanza kooni. Vijidudu viitwavyo streptokoki humwingia mtoto, akaumwa koo siku chache, akapona. Lakini kwa watoto wachache, mwili unapopigana na vijidudu hivyo huushambulia moyo wenyewe, kwa kuwa sehemu za kijidudu hufanana na nyama ya moyo. Ndipo hupatwa na homa ya rumatiki na kuvimba viungo. Homa ikirudi mara kwa mara, vilango vya moyo huharibika, na vijidudu vya namna nyingine hupata pa kukaa. Aghalabu homa hii huwapata wenye umri wa miaka 5 hadi 15.

Chanjo haijapatikana. Aina za kijidudu hiki zapita 200. Tena mwaka 1969 ilielezwa huko Marekani kwamba baadhi ya watoto waliojaribiwa chanjo walipata homa ile ile iliyokuwa ikizuiwa. Mwaka 1979 serikali ya huko ikakataza chanjo za namna hiyo, na katazo halikuondolewa mpaka 2005. Kazi hii basi yataka subira na hesabu za kweli.

Watu wazima watauliza, “Mtoto wa shule atafanya nini huko?” Hapana asemaye tuwachome watu sindano. Lakini chupa zataka kuoshwa, vijidudu vilivyooteshwa vyataka kuhesabiwa, na daftari lataka kuandikwa kila siku bila uongo. Charles Best alikuwa bado mwanafunzi, hajawa daktari, alipomsaidia Daktari Banting mjini Toronto katika kiangazi cha 1921, na kazi yao ikaleta insulini.

Wala tusidhani utafiti ni wa Ulaya tu. Nchini Uganda watoto na vijana 818 wa miaka 5 hadi 17, ambao ugonjwa ulikuwa umeanza kuonekana mioyoni mwao, waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilichomwa penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili. Matokeo yalitangazwa 2021: katika fungu hilo ugonjwa uliwazidia 3, na katika fungu lisilochomwa, 33. Ikiwa watoto wa umri wetu walifaa kuchomwa sindano kwa ajili ya elimu hiyo, mbona sisi tusifae kushika daftari?

Namwomba Mwalimu Mkuu aviandikie vyuo vikuu, vipokee wanafunzi wetu wawili tu kila mwaka, kwa majaribio. Na maadamu chanjo haijaja, kila aumwaye koo bwenini asione haya kwenda zahanati. Chai ya tangawizi haiui streptokoki.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne