Kosa Si la Klorini

Wapo wenzetu wanaodai kwamba klorini itiwayo katika maji ya bomba ni sumu, na kwamba heri iachwe. Dai hilo lina chembe ya ukweli, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Ni kweli kwamba mwaka 1974 Johannes Rook, mtaalamu wa maji wa Rotterdam, alionyesha kuwa klorini ikikutana na mabaki ya mimea iliyooza majini huzaa kemikali kama klorofomu. Mwaka 1979 Marekani iliziwekea kemikali za kundi hilo kikomo: mikrogramu 100 kwa lita.

Lakini ieleweke wazi: madhara yanayohofiwa ni ya kunywa maji hayo miaka mingi, kipindupindu kisichotibiwa chaweza kuua kwa saa chache. Dawa si kuacha klorini, bali kugandisha na kuchuja uchafu kwanza, ndipo klorini itiwe. Msimamizi wa mtambo anayeiruka hatua hiyo ndiye wa kulaumiwa.

Ndugu walimu na watumishi wa umma, tuwaeleze wananchi ukweli wote, si nusu yake. Usiache mbachao kwa msala upitao.