KUNDI LA CHINI SI JAA



Kila muhula unapofunguliwa tunaliona jambo lile lile, na sasa tumechoka kulinyamazia. Watoto wa darasa moja hupewa jaribio la Kiingereza. Mwalimu mkuu hupiga mstari kwenye alama 50. Walio juu ya mstari huenda chumba hiki, walio chini huenda chumba kile. Hakuna anayeuliza: huku wako wangapi, na kule wangapi?

Tuchukue mfano. Watoto ni 102, walimu ni wawili. Waliopita ni 34, walioanguka ni 68. Kipindi ni dakika 35. Tukiwapa wote zamu ya kusema Kiingereza mbele ya mwalimu, mtoto wa kundi la juu ana dakika moja. Wa chini ana nusu dakika. Insha moja ikisahihishwa kwa dakika 5, mwalimu wa juu amaliza kwa saa 2 na dakika 50. Mwenzake wa chini ahitaji saa 5 na dakika 40, na mshahara wake haukuongezwa hata senti moja. Basi nyingine hubaki bila kusahihishwa. Na mtihani ukija, yeye ndiye anayeitwa ofisini kueleza kwa nini watoto wake wameanguka!

Na mwalimu huyo ni nani? Mara nyingi ni mgeni wa shule, wa mkataba au mwanagenzi, asiyethubutu kusema hapana.

Hatupingi kugawa watoto. Anayesoma hadithi na asiyeweza kuunga herufi hawawezi kwenda mwendo mmoja. Tunachopinga ni kugawa bila kuhesabu.

Wakubwa hutuambia kwamba utafiti umekwisha thibitisha faida ya kugawa. Ni kweli, upo. Lakini wausome wote. Mwaka 2005, magharibi mwa Kenya, shule za msingi 121 zilipata mwalimu wa ziada wa darasa la 1. Katika shule 60 watoto waligawanywa kwa alama. Katika 61 waligawanywa kwa bahati nasibu. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walichapisha matokeo mwaka 2011. Baada ya miezi 18, watoto wa shule zilizogawa kwa alama walikuwa mbele, wa kundi la juu na wa kundi la chini pia. Lakini waligawanywaje? Nusu kwa nusu! Na walimu walipangiwa makundi kwa kura. Hapakuwa na mwenye nguvu kuchagua nyama na mgeni kuachiwa mifupa. Tena ilionekana kwamba watoto wa katikati, waliokuwa karibu na mstari, walifanya sawasawa, wawe waliwekwa juu au chini.

Hilo la mwisho ndilo twataka lishikwe. Mstari wa alama 50 si mto wenye mamba. Waweza kusogezwa. Katika mfano wetu, watoto 22 walio karibu na mstari wakipandishwa, juu watakuwa 56 na chini 46. Watasema watoto wazuri watacheleweshwa. Sisi twajibu: mtoto wa juu akipewa kitabu aweza kuendelea peke yake mwalimu akimtazama mwingine, wa chini hawezi. Kweli, utafiti ule ulikuwa wa darasa la 1, na madarasa ya juu yana mambo yake. Lakini dakika 35 ni dakika 35 popote.

Wala hili si neno la Kiingereza peke yake. Kuanzia darasa la 4 masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto tuliyemsonga kwenye chumba cha 68 atakosa Kiingereza leo, na kesho atakosa hesabu na sayansi. Mzazi wake hulipa kodi kama mzazi wa yule wa juu.

Kwa hiyo twataka mambo manne:

Mosi, watoto wahesabiwe kabla ya mstari kupigwa, na kundi la chini lisizidi la juu hata kwa mtoto mmoja.

Pili, makundi yagawiwe walimu kwa zamu au kwa kura, wala mgeni asitupiwe mzigo.

Tatu, kila muhula watoto wapimwe tena, na anayestahili kupanda apandishwe.

Nne, mwalimu asihukumiwe kwa matokeo ya kundi bila kutazamwa lilianza wapi na lilikuwa na watoto wangapi.

Kila mwanachama aandike hesabu ya makundi ya shule yake, na kuipeleka kwa katibu wa tawi kabla ya wiki ya pili ya muhula. Tukienda ofisini mikono mitupu tutaambiwa tunalalamika. Tukienda na hesabu, watajibu hesabu.

Umoja ni nguvu.