Ukimnunua Kasuku ili Umwokoe, Umeagiza Mwingine



Ndugu wasomaji, leo tuzungumze juu ya mgeni anayekaa katika baraza za nyumba zetu nyingi: kasuku. Yule wa rangi ya majivu mwenye mkia mwekundu, ambaye watoto humfundisha kusema "karibu" na kuitikia salamu. Sisi watu wa Maniema tunamjua sana. Hata komini mojawapo ya mji wa Kindu inaitwa Kasuku. Je, tumewahi kujiuliza alifikaje pale barazani?

Kasuku jike hutaga mayai machache katika pango la mti mrefu, na makinda hukaa humo karibu miezi mitatu. Wategaji hupanda wakawachukua makinda hao. Au hupaka ulimbo kwenye matawi na kumfunga kasuku mmoja awe chambo. Wenzake wakisikia analia huja, nao hunasa. Kisha hukatwa manyoya ya mabawa na kushindiliwa ndani ya matundu. Wengi hufa kabla hawajaonekana sokoni. Kwa hiyo huyo mmoja tunayemchekea nyumbani ameacha maiti nyuma yake.

Msiseme misitu yetu ni mikubwa, hawataisha! Kasuku zaidi ya milioni moja walisafirishwa kutoka Afrika katika miaka ambayo biashara hiyo ilikuwa halali, na hapo hatujahesabu waliokufa wala wa magendo. Kule Ghana, utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka huohuo, mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg uliamua kuzuia biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini, na uamuzi ukaanza kufanya kazi Januari 2017. Magendo hayakuisha.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuuma. Baba au mama anapita njiani, anaona kijana ameshika kasuku aliyedhoofika. Anaingiwa na huruma. Anasema, "Nitamnunua nimwokoe, thawabu zangu kwa Allah." Nia ni njema, hatuipingi. Lakini yule kijana ameona nini? Ameona fedha. Kesho atarudi porini kutafuta mwingine. Mnunuzi mwenye huruma na mnunuzi mwenye tamaa, kwa mtegaji ni mteja yuleyule.

Na baada ya kumnunua, tutamfanyia nini? Wengine humrusha hewani wakidhani wamemfungua. Ndege aliyekatwa mabawa haruki. Manyoya yaliyokatwa hayarefuki tena. Husubiri vishina vyake vidondoke na mapya yaote, na hilo laweza kuchukua mwaka au zaidi. Ataliwa na paka kabla ya magharibi.

Kumrudisha kasuku porini ni kazi ya wenye ujuzi. Kwanza hutengwa, achunguzwe maradhi asije akawaambukiza wenzake msituni. Manyoya yaliyoharibiwa na ulimbo hutibiwa. Huwekwa pamoja na kasuku wengine, maana huyu ni ndege wa kundi, katika kizimba kikubwa ajifunze tena kuruka. Hupewa vyakula vya msituni, kama chikichi. Mwishowe hufunguliwa kwa kundi. Kituo cha Lwiro, Kivu ya Kusini, kilichoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya sokwe na nyani waliookolewa, kimepokea pia kasuku. Kazi hiyo hula miezi na fedha nyingi, kwa kosa linalofanyika kwa siku moja.

Wapo watakaotukumbusha kisa cha mtoto Abu Umayr na kindege chake, kwamba kufuga ndege kunaruhusiwa. Hatubishani nao. Lakini tukumbuke pia kisa kilichopokewa na Abu Dawud: masahaba walipochukua makinda mawili, mama yao akaja akipapatika, Mtume (S.A.W.) aliuliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyo kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Biashara hii yote imejengwa juu ya mama wanaopapatika.

Basi wazazi wenzetu, tufanyeni hivi:

1. Tusinunue kasuku wa porini, hata kwa huruma, hata kama mtoto analia.

2. Tukiona anauzwa, tuwaarifu wahifadhi wa ICCN. Kasuku aliyekamatwa na wahifadhi hana malipo kwa mtegaji, aliyenunuliwa anayo.

3. Aliye na kasuku wa miaka mingi nyumbani asimfungulie mlango tu. Huyo amesahau msitu, na anaweza kuishi miaka 40 au zaidi. Aulize wahifadhi, na akibaki naye, ampe nafasi, chakula bora na mtu wa kukaa naye, wala asimtafutie "mwenzake" sokoni.

4. Tuwapeleke watoto alfajiri pembezoni mwa msitu wasikie kasuku wakipita juu kwa makelele yao.

Mtoto aliyewaona wakiruka hatatuomba tena tumnunulie mmoja ndani ya tundu. Na siku mtegaji atakapozunguka mtaa mzima asipate mteja, atatafuta riziki nyingine, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.